Soda za Baba

Kila siku nikitoka shule, kabla hata ya kuvua sare, nilipitia kwenye foleni ya malori kumtungia baba uzi kwenye sindano.

Malaba yetu ya mwaka 1995 ilikuwa mji wa kungoja. Malori yalingoja karatasi za kuvukia Uganda, madereva waliyangoja malori, na sisi wengine tuliwangoja madereva. Baba yangu, Mzee Echodu, alikuwa fundi wa maturubai. Turubai likichanika njiani kutoka Mombasa, dereva alimwita. Baba alilitandaza kando ya barabara, akavua akala zake, viatu vya matairi, ili asilichafue, kisha akaketi katikati yake na sindano yake ndefu, uzi uliopakwa nta, na kipande cha ngozi cha kukingia kiganja. Alikuwa mtu mnene mwenye kitambi, na alipocheka alikipigapiga kama mtu anayempongeza mtoto wake.

Mwanzoni mwa mwaka alitunga uzi mwenyewe. Muhula wa pili ulipoanza, alikuwa akiniita mimi.

"Apeduno, kuja unisaidie. Hii tundu siku hizi inanikimbia."

"Baba, ukizeeka mapema hivi, nani atanipeleka sekondari?" nilimtania.

Alicheka, nami nikacheka. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilidhani macho hufifia kwa sababu ya uzee tu.

Baadaye ikaja kiu. Baba alikuwa akienda kazini na jerikeni ya maji ya lita tano, na kabla ya saa sita mchana ilikuwa tupu. Kila mara aliinuka kwenda nyuma ya malori kujisaidia, hadi madereva wakaanza kumfanyia mzaha.

"Fundi, wewe umekuwa bomba ya mjini? Asubuhi mpaka jioni unafunguliwa tu!"

Nyumbani alikula ugali wake, akamaliza na wa kwenye sufuria, na bado akaangalia sahani ya mama. Hata hivyo aliendelea kukonda. Kitambi kiliisha. Alitoboa mshipi wake tundu jipya kwa sindano ile ile ya maturubai, halafu jingine, halafu la tatu. Jioni alirudi amechoka, akalala na nguo.

Sasa, mtu akikonda Malaba miaka ile, watu hawakuhitaji daktari wa kuwaambia anaumwa nini. Ugonjwa ulikuwa mmoja tu vinywani mwao. Waliuita slim, neno lililokuwa limevuka mpaka kutoka Uganda kabla ya ugonjwa wenyewe kufika kwetu. Ukimwi ulikuwa umewachukua madereva, wenye vyumba vya kulala wageni na akina mama wa mikahawa, na kila aliyelegewa na suruali alihesabiwa miongoni mwao. Nilipofika bombani kuteka maji, wanawake walinyamaza. Darasani, rafiki yangu Auma alihamia dawati la mbele bila kuniaga. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo, laja.

Mama alimsihi aende hospitali.

"Baba Apeduno, twende wakupime tu. Tujue."

"Nikienda watapima damu," baba akajibu. "Wakipima, wataandika. Wakiandika, Malaba nzima itasoma. Wacha nife na jina langu."

Alikuwa ameshajihukumu mwenyewe.

Jumapili, baada ya kanisa, wanaume wa mtaa wetu walikutana nyumbani kwa Mzee Omagor, jirani yetu. Walikaa kuzunguka chungu cha ajono, pombe yetu ya wimbi, kila mmoja akinywa kwa mrija wake mrefu. Mirija hiyo ilihifadhiwa pale pale kwa Mzee Omagor, imepangwa chini ya paa, na kila mtu aliujua wake. Jumapili moja mwezi wa sita Mzee Omagor alikuja kwetu amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa kitambaa. Ulikuwa mrija wa baba.

"Echodu, ndugu yangu," alisema akiangalia chini, "wewe pumzika kwanza. Ukipata nguvu, utaurudisha."

Kwetu Wateso, mtu hurudishiwa mrija wake akihama, au familia huuchukua akifa. Baba aliupokea kwa mikono miwili. Akasema asante. Kisha akauegemeza ukutani, akaketi akiutazama mpaka chai yake ikapoa. Nililia nyuma ya jikoni kwa hasira, kwa sababu walikuwa wamemzika baba akiwa hai, na yeye alikuwa amekubali.

Baada ya hapo wageni walianza kuja, kama wanavyokuja kumwona mtu ambaye wameshamkatia tamaa. Walikaa mbali naye kidogo. Walileta mkate, soda na pakiti za glukosi, maana kwetu huwezi kwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu, na mgonjwa, kama kila mtu ajuavyo, anahitaji sukari ya kumtia nguvu.

Mimi sikukata tamaa. Niliamua kumwokoa baba yangu. Jumamosi niliwauzia madereva njugu, na nilichopata chote kikawa soda. Kila jioni nilimpelekea moja. Nilikoroga humo vijiko vitatu vya glukosi, nikamngojea anywe hadi tone la mwisho.

"Hii inaniburudisha, mama," alisema. Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Bila wewe ningekuwa nimeshaenda."

Nililala nikijisifu.

Kulikuwa na jambo moja nililoliona nikalinyamazia. Nyuma ya nyumba, mahali baba alipozoea kukojoa akishindwa kufika chooni, sisimizi walikuwa wamejaa. Walikuja kwa mstari kutoka ukutani, asubuhi na jioni. Niliwamwagia jivu. Kesho yake walikuwa wamerudi. Nilipomwambia mama, alisema labda kuna mtu alimwaga chai pale. Nikaongeza jivu.

Siku moja mwezi wa saba nilimkuta baba akikunja turubai, tayari kurudi nyumbani. Alikuwa akitembea peku juu yake, mbele na nyuma. Kila alipokanyaga mguu wa kulia, alama nyekundu ilibaki.

"Baba, simama! Kuna kitu kwa mguu yako."

"Kitu gani?"

"Sindano."

"Wacha mchezo, Apeduno."

Alikaa, akaugeuza unyayo. Sindano ya turubai ilikuwa imeingia chini ya kidole gumba na kuvunjikia humo, ncha nyeusi ikichungulia. Hatukujua ilikuwa imeingia saa ngapi. Baba aliigusa kwa kidole, polepole, kama mtu anayegusa mguu wa mwenzake.

"Hausikii uchungu?" nikauliza.

"Sisikii kitu," alisema. Niliuona uso wake ukibadilika. Kwa mara ya kwanza tangu augue, baba yangu aliogopa.

Hata hivyo hakwenda hospitali. Aliichomoa sindano kwa koleo la dereva, mama akamwosha kwa maji ya chumvi. Wiki ilipita, kidonda hakikufunga. Ikapita ya pili, kidole kikawa cheusi. Harufu ilijaa nyumba nzima, na mama akawa anachoma majani ya mwarobaini ili wageni wasiisikie. Ndipo baba alipotuambia jambo ambalo hatukuwahi kulisikia, kwamba mama yake, yule niliyepewa jina lake, alikufa kwa kidonda cha mguu kule Chakol. Watu walisema alirogwa.

Nami nikaongeza soda. Sasa zikawa mbili kwa siku.

Asubuhi moja ya Jumamosi niliingia na chupa yangu, nikamkuta baba hajitambui. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka. Nilimwita, akanijibu maneno yasiyoeleweka, akafumba macho. Nilitoka mbio hadi kwenye foleni nikipiga kelele. Dereva mmoja ambaye turubai lake lilishonwa na baba mara nyingi aliacha lori lake, akaazima pikapu ya mwenzake, tukamlaza baba nyuma. Mama alikipakata kichwa chake njia nzima hadi hospitali ya misheni iliyokuwa upande wa Busia.

Daktari hakuuliza mengi. Alitoa tone la damu kidoleni mwa baba, akapima, akatazama, akapima tena. Kisha akaagiza maji ya mshipa na sindano, haraka. Muuguzi mmoja, Sista Adoyo, alitugeukia na karatasi mkononi.

"Mgonjwa amekuwa akikojoa sana? Kiu je?"

"Sana, sista," mama akajibu.

"Amekuwa akila nini? Akinywa nini?"

Mama alinitazama. Nilikuwa bado nimeishika chupa ya asubuhi, nimesahau kuiacha.

"Soda," nikasema. "Na glukosi. Nilikuwa namnunulia mimi."

Sista Adoyo aliacha kuandika. Alichukua ile chupa mkononi mwangu taratibu, akaiweka chini ya meza.

"Baba yako ana ugonjwa wa kisukari," alisema. "Sukari imejaa kwenye damu yake kuliko kipimo chetu kinavyoweza kusoma."

Sijui nilikaaje sakafuni, lakini nilijikuta hapo. Kila jioni nilimngojea anywe hadi tone la mwisho. Nilikuwa nikimuua baba yangu kwa vijiko vitatu.

Sista alichuchumaa karibu nami. Hakunidanganya, na mpaka leo namshukuru kwa hilo.

"Sikiza. Wewe hukumpatia huu ugonjwa. Alikuwa nao kabla ya soda yako ya kwanza. Lakini soda zilimzidishia, hiyo ni ukweli. Hukujua. Sasa utajua."

Wakampima baba na ule ugonjwa mwingine. Hakuwa nao. Mama alicheka na kulia kwa pamoja, na Sista Adoyo akamwambia, "Mama, hata angekuwa nao, angestahili kuletwa hapa. Aibu ndiyo imemchelewesha, si ugonjwa."

Siku ya tatu baba alijitambua. Siku ya nne daktari alitwambia mguu hauwezi kuokolewa. Uozo ulikuwa umepanda, na mguu usipokatwa chini ya goti, uozo huo utamchukua mzima. Baba alisikiliza yote. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Ningekuja ile siku ya sindano, je?"

Daktari aliutazama mguu tena. "Pengine tungetoa kidole peke yake. Pengine hata hicho kingepona."

Baba aligeukia ukuta. Alibaki hivyo hadi walipomchukua kwenda kukatwa.

Wiki zile za hospitali ndizo zilizonifundisha. Katika wodi ya watoto kulikuwa na msichana wa miaka tisa, Amuron, kutoka Adungosi. Naye alikuwa na kisukari. Nilishangaa, maana nilidhani ni ugonjwa wa watu wazima wenye vitambi. Siku ya kwanza nilimkuta akijidunga sindano ndogo tumboni, ametoa ulimi nje kama mtu anayechora.

"Haikuumi?" nikamuuliza.

"Inaniuma kila siku," alisema. "Lakini nikiacha, nakufa. Siku mbili, tatu, basi. Nyumbani tunaweka dawa kwa chungu ndani ya mchanga yenye maji, isiharibike na joto."

Nilimwendea Sista Adoyo, nikamuuliza kwa nini Amuron adungwe maisha yake yote ilhali baba atarudi nyumbani na vidonge.

"Wewe ni wa Malaba, si ndiyo?" alisema. "Basi fikiria ile foleni yenu. Malori ni sukari, inatoka kwa chakula. Barabara ni damu. Mji ni mwili, unangoja ile mizigo ndiyo watu wapate kula. Anayefungua geti ni insulini, inatengenezwa na kiungo kinaitwa kongosho. Kwa Amuron, afisa wa geti hayuko kabisa. Hiyo ni aina ya kwanza. Inakuja haraka, mara nyingi kwa watoto na vijana, na lazima tumletee afisa kwa sindano kila siku. Kwa baba yako afisa yuko, lakini geti imeshika kutu, haifunguki vizuri. Hiyo ni aina ya pili. Inakuja polepole, miaka na miaka, zaidi kwa watu wazima, wanene, ama wale wenye ndugu waliougua. Vidonge, chakula cha kipimo na kutembea vinasaidia ile geti, ingawa wengine mwishowe wanahitaji sindano pia. Na kuna akina mama wanaipata wakiwa na mimba, hao nao tunawachunga."

"Na ule mkojo?"

"Malori yakizidi, yanamwagika kando ya barabara. Sukari inatoka na mkojo, inavuta maji, ndiyo kiu haiishi. Na kwa sababu mji haupati mizigo, mtu anakula na anakonda."

Nilimwambia kuhusu sisimizi. Niliona aibu kutaja jivu, lakini nililitaja.

"Hao sisimizi walijua kabla yetu," alisema Sista Adoyo. "Sukari ikikaa sana kwa damu inaharibu mishipa. Macho yanafifia. Miguu inakufa ganzi, mtu anakanyaga msumari na hajui. Kidonda hakiponi. Figo zinachoka, moyo pia, wengine wanapooza upande mmoja. Haya yote hayaji siku moja. Yanabisha hodi kwanza."

Yalikuwa yamebisha kwetu miezi yote ile. Mimi nilikuwa nimeyatungia uzi, nimeyacheka, nimeyamwagia jivu.

Baba alirudi nyumbani mwezi wa tisa, na magongo mawili. Macho yake hayakurudi yalivyokuwa. Jerikeni ya maji sasa ilimaliza siku, na kila asubuhi nilimkagua mguu uliobaki, kidole kwa kidole, hadi katikati ya vidole, kwa sababu yeye hakuweza kuona vizuri wala kuhisi. Alimeza vidonge vyake. Alikula ugali kidogo, na mboga nyingi. Lakini hakucheka. Alikuwa akikaa mlangoni saa nzima akisikiliza malori yakiguruma kule barabarani, kitambaa chenye mrija kikiwa bado pale ukutani.

Jumapili ya pili wanaume wa chungu walikuja, Mzee Omagor mbele. Habari zilikuwa zimefika kwamba haikuwa slim. Walikuja kuomba radhi, na kama ilivyo desturi, hawakuja mikono mitupu. Walibeba kreti nzima ya soda, na juu yake pakiti mbili za glukosi.

Mama aliinuka kupokea, maana mgeni akileta kitu hupokelewa.

"Mama, usipokee," nikasema.

Nilisimama kati yake na kreti.

"Huyu mtoto anafukuza wageni?" Mzee Omagor aliuliza. "Tangu lini?"

"Tangu nilipomnywesha baba yangu hizo," nikajibu, nikaanza kulia. "Hizo ndizo zilimlaza. Mimi mwenyewe nilimpa. Siwezi kuziona tena katika nyumba hii."

Mama alijishika mdomo. Baba alichukua gongo lake moja, akagonga sakafu mara moja.

"Mtoto amesema kweli," alisema. "Wazee, mlinionyesha upendo, na yeye alinionyesha kuliko nyote. Lakini kupenda bila kujua kulinilaza kitandani. Na kuogopa kujua ndiko kulikokata huu mguu. Msimlaumu mtu. Mimi nilisikia kiu, niliona nakonda, nilidungwa na sindano yangu mwenyewe nisihisi, na bado nilikaa hapa nikiogopa midomo yenu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi kiliniumbua nusu. Mwili ukibadilika, nendeni mkapimwe, hata kama mnadhani mnajua jibu. Mimi nilidhani najua."

Waliketi kidogo, wakazungumzia mvua, wakaaga mmoja mmoja. Mzee Omagor alibaki nyuma. Alizungukazunguka kreti yake mlangoni, kisha akaniinamia na kuongea kwa sauti ya chini.

"Mtoto wangu. Hao sisimizi mama yako alitusimulia. Walikuwa wekundu ama weusi?"

"Walikuwa wadogo tu, mzee. Wale wanaoingia kwenye sukari."

Niliona mkono wake ukishika mshipi wake, na kwenye mshipi huo niliona tundu jipya.

Baba naye alikuwa amemsikia. Hakumkumbusha ule mrija, ingawa ulikuwa ukutani, hatua mbili tu kutoka kwao.

"Nenda kesho, Omagor," alisema. "Mimi nilingoja. Wewe bado una miguu miwili."

Siku iliyofuata sikwenda shule. Nilimsindikiza Mzee Omagor hadi hospitali ile ile. Tuliposhuka kituoni yeye alitangulia, nami nikafuata nyuma, nikiitazama miguu yake yote miwili jinsi inavyokanyaga.